Mgongo wa Barabara

Kinachoua barabara ya udongo ni maji. Lori lililojaa magunia ya mahindi kutoka Nyunzu likipita juu ya udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri huacha vumbi na alama za matairi, basi. Lipitishe lori hilo hilo baada ya maji kulala usiku kucha katikati ya njia, na asubuhi utakuta mfereji wa kina cha goti. Dereva anayefuata ataukwepa, atapita pembeni, atavunja ukingo. Kabla mwezi haujaandama tena, pale palipokuwa na barabara moja pana madimbwi matatu yanayokwenda sambamba, na wasukuma baiskeli wenye mizigo ya ndagala wanatafuta upenyo porini. Wanaotunza barabara za mkoa wa Tanganyika, nchini Kongo, wanalijua jambo hili kwa nyayo zao, na ufundi wao wote unaanzia hapo: kuyatoa maji njiani mapema, kuyapeleka polepole, na kuyaacha mahali ambapo hayatamdhuru mtu.

Vijijini kandoni mwa barabara zinazotoka Kalemie, ile ya Nyunzu upande wa magharibi au ile ya Moba upande wa kusini, watu hawa huitwa makantonie. Kila mmoja ana kipande chake cha barabara, na juu ya kundi yuko kapita, anayeitwa Papa Kapita hata na waliomzidi umri. Vifaa vyao vyote hujaa kwenye toroli moja: fyekeo, panga, jembe, sururu, sepetu, reki, na gogo zito lenye mpini la kushindilia udongo. Hakuna hata kimoja kinachokunywa mafuta. Katika nchi ambako greda likikatika mpira mmoja laweza kulala kando ya njia kwa miezi likingoja kipuri, hilo si jambo dogo. Lakini siwasifu kwa uchache wa vifaa vyao. Nawasifu kwa sababu kazi yao, ikifanywa inavyopasa, inaitunza barabara kuliko mashine inayopita mara moja kwa mwaka, mwaka ambao bahati imeangukia upande wetu.

Tuanze na mgongo. Barabara nzuri ya udongo hubinuka katikati na kushuka pande zote mbili hadi mitaroni. Kwa njia yenye upana wa meta 5, katikati panapaswa kuwa juu ya kingo kwa sentimeta 12 hadi 15. Ukipunguza, maji hulala. Ukizidisha, madereva wataogopa pembeni, wote watapita katikati pale pale, matairi yatachonga mistari miwili, na mgongo uliojengwa kwa jasho utakuwa umejifanyia mitaro yake wenyewe juu. Jicho peke yake hudanganywa na kivuli, hasa saa za mchana. Kwa hiyo kapita ana ubao wake, urefu wake nusu ya barabara, upande wa juu umenyooka na upande wa chini umekatwa kwa mshazari, ili nivo ikiwekwa juu na kiputo kikitulia katikati, mteremko ulio chini uwe ule unaotakiwa. Anaulaza ubao, anapiga magoti, anateremsha shavu mpaka karibu na ardhi, na kutazama mwanga unaopenya. Penye mwanga pana shimo, udongo huongezwa. Ubao ukiyumba, pana kinundu, hukwanguliwa. Kisha anasogea hatua chache na kuanza upya. Mtu aliyezoea kazi hii hapigi kelele wala hana haraka, na hamwachii mwenzake ubao mpaka amwone akipiga magoti yeye mwenyewe.

Udongo wa kujazia nao una masharti. Ukiwa mkavu mno hushindiliwa leo na kupeperuka kesho. Ukiwa umeloa hunata kwenye gogo na kuacha mashimo. Kipimo chake ni kiganja. Unachota konzi moja, unaifinya, unafungua vidole. Ikisambaratika, bado maji. Ikikuachia tope mkononi, maji yamezidi. Ikibaki donge lenye alama za vidole vyako, na donge lile ukiliangusha likapasuka vipande viwili au vitatu, hapo ndipo. Wahandisi wana maabara ya kupima unyevu huo huo, na wanapokuja na vyombo vyao hukuta kiganja cha kapita hakikukosea sana. Donge likikubali, udongo humwagwa kwa tabaka nyembamba, si kwa rundo moja, na kila tabaka hupigwa mpaka gogo litoe mlio mwingine, mlio mkavu. Kwa anayesikiliza, mlio huo ni dhahiri.

Mgongo ukishayaangusha maji pembeni, kazi ngumu zaidi inaanza, maana sasa maji yamekusanyika mtaroni na yamepata nguvu. Maji yanayokwenda mtaroni kwa umbali mrefu hula chini, kisha hula ukingo, kisha hula barabara yenyewe kutoka ubavuni, na ukija kugundua korongo limeshakuzidi urefu. Dawa yake ni michepuko, yaani mifereji mifupi inayoyatoa maji mtaroni na kuyatawanya porini kabla hayajawa mengi. Penye nafasi, panakatwa mchepuko kila baada ya meta 20 hivi. Haukatwi wima kutoka barabarani, kwa kuwa maji hayapendi kukunja kona kali. Hulazwa kwa pembe ya digrii 30 hadi 45, na sakafu yake hushuka taratibu mpaka ikutane na ardhi ya kawaida.

Lakini maji yakitoka barabarani huenda kwa mtu. Hapa ndipo ninapomheshimu kapita kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hesabu ya meta 20 yeyote anaweza kuikariri, ila mama mwenye shamba la mihogo hakariri hesabu hiyo. Mihogo haivumilii maji yaliyosimama, mizizi huoza. Kapita mzembe hukata mchepuko mahali ubao ulipomwambia, na baada ya mvua mbili mwenye shamba amekwisha kuuziba kwa udongo na majani ya migomba, tena kwa haki. Kapita anayejua kazi hufika kabla ya msimu, huenda na mzee wa kijiji, husalimia, hukaa, huuliza mama amepanda nini wapi na mwakani anataka kupanda nini. Mara nyingi hupatikana kipande kilicholala, au bonde dogo lenye migomba na miwa, mimea inayofurahia maji. Mchepuko unasogezwa hatua chache juu au chini, na maji yaliyokuwa ugomvi yanakuwa zawadi. Mchepuko wa namna hiyo haufungwi na mtu. Mwenye shamba mwenyewe ataufagia, kwa kuwa sasa ni wake.

Kwenye miteremko mikali michepuko haitoshi, na kuna mahali kilima kimebana pande zote hata hakuna pa kuyatolea maji. Hapo mtaro huwekewa vizuizi vya mawe au vya vigingi vya miti, vidogo, vyenye mdomo katikati ulio chini kuliko mabega yake, ili maji yapite katikati na yasikwepe pembeni kuula ukingo. Mtaro ukishuka kwa asilimia 5, kizuizi kimoja kila meta 20 kinatosha. Ukishuka kwa asilimia 10, vinapaswa kukaribiana mpaka meta 6 hivi. Mchanga unajikusanya nyuma ya kila kizuizi, na baada ya msimu mmoja mtaro uliokuwa telezi unakuwa ngazi. Kila ngazi huyapunguzia maji nguvu kidogo. Jiwe huchaguliwa kwa mkono: bapa huwekwa chini ya mdomo kupokea maporomoko, lenye pembe husukumwa ubavuni lishike udongo. Anayepanga mawe haya vizuri hatumii hata konzi moja ya saruji, na kizuizi chake kikibomoka hujengwa upya kwa mawe yale yale.

Kuna jambo moja dogo linalomtambulisha fundi mara moja, nalo ni nyasi za mtaroni. Kantonie mgeni, akiwa na hamu ya kuonekana amefanya kazi, hulima mtaro mpaka ung'ae, udongo mwekundu mtupu, hakuna hata jani. Unapendeza machoni siku ya ukaguzi. Mvua ya kwanza inapoanguka, mtaro huo mtupu unachimbika kwa kasi kuliko mtaro wowote. Fundi hufyeka nyasi na kuacha mizizi, urefu wa kidole hivi, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshika sakafu ya mtaro, na majani mafupi hupunguza mwendo wa maji bila kuyaziba. Anang'oa vichaka na miche ya miti tu, ambayo mashina yake hukusanya takataka. Sijui kazi nyingine ya ujenzi ambamo ustadi unajionyesha kwa kile mtu alichokiacha.

Makalavati nitayapitia haraka, si kwa kuwa hayana maana, bali kwa kuwa kanuni yake ni fupi: kalavati likiwa tambarare litajaa mchanga, likiwa na mteremko mkali litachimba shimo mbele ya mdomo wake. Kantonie huingiza mwanzi mrefu upande mmoja na kuusukuma mpaka mwenzake auone upande wa pili. Mwanzi ukikwama, kazi ya siku hiyo imejulikana. Mawe hupangwa mahali maji yanapoangukia, na matawi yaliyonaswa mdomoni huondolewa hata kama ni machache, kwa sababu tawi moja hukaribisha jingine.

Kisha kuna bariyeri ya mvua, ambayo wasafiri wengi wanaichukia na mimi naipenda. Ni mti mmoja ulaliao juu ya nguzo mbili, na kamba. Mvua ikinyesha unateremshwa, na magari mazito yanangoja saa kadhaa mpaka uso wa barabara ukauke. Dereva anayetoka Nyunzu na mzigo unaoharibika hawezi kufurahi. Hata hivyo saa zile chache ndizo zinazookoa wiki nzima za kazi: udongo uliolowa juu, chini bado mgumu, ukiachwa upumue utarudi kama ulivyokuwa, ukikanyagwa na tani 10 ndani ya saa ya kwanza, mgongo umevunjika. Mwenye kusimamia bariyeri lazima awe mtu wa kuaminika sana. Akikubali noti moja na kuinua mti, ameuza kazi ya kundi zima, na kijiji kizima kitajua ni lori gani lililopita na nani aliyelipitisha, kwa sababu alama zimo pale barabarani.

Historia ya kazi hii haikuwa ya heshima siku zote, na ni vizuri kulikumbuka hilo tunapoisifu. Wakati wa Wabelgiji, Kalemie ikiitwa Albertville, kutunza barabara kulikuwa amri iliyoteremshwa kwa machifu, na kijiji kilichozembea kiliadhibiwa. Wakati wa Mobutu ikaja salongo, kazi ya lazima ya umma bila ujira. Wazee wengi walijifunza kushika sepetu kwa namna hiyo, na haishangazi kwamba baadhi yao hawataki kuliona tena. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka 1971, ikarithi mtandao mkubwa na mashine zilizokuwa zikizeeka, na miaka ya vita ikaiacha mikono mitupu. Kilichobadilika baada ya 2008, mwaka ulioundwa mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, na mwaka ulioanza mradi wa Pro-Routes kwa fedha za Benki ya Dunia na Uingereza, ni kwamba kamati za vijiji zilianza kupewa mikataba. Kipande kinajulikana, kazi inaandikwa, ukaguzi unafanyika, malipo yanatolewa kwa kilomita iliyokubaliwa. Sururu ni ile ile, lakini aliyeishika sasa ana karatasi yenye sahihi yake, na anaweza kudai.

Kenya ilikuwa imepita njia hiyo mapema. Mpango wake wa barabara za vijijini ulioanza 1974 ulijenga maelfu ya kilomita kwa mikono, kisha ukampa mtu anayeishi kandoni mwa barabara kipande cha kilomita moja na nusu hadi mbili akitunze kwa malipo ya mwezi. Uzoefu ule, pamoja na mafunzo yaliyotolewa Kisii, ulisambaa katika nchi nyingi za Afrika. Walichogundua huko kinaonekana kwa macho hapa: mtu anayelala kandoni mwa barabara husikia mvua ikinyesha usiku, na alfajiri anajua aende wapi.

Jambo hilo lina upande wake mchungu. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017 yaliwafukuza watu kutoka vijiji vizima katika maeneo ya Nyunzu, Manono na Kalemie. Kijiji kikihama, barabara yake inabaki yatima. Hakuna anayesikia mvua. Misimu miwili inatosha. Michepuko inazibwa, kalavati linajaa, maji yanapanda juu na kutafuta njia yake. Na bila barabara hata msaada wa kuwarudisha watu wale wale nyumbani unachelewa kufika.

Kalemie yenyewe imekaa kwenye mchepuko mkubwa kuliko yote ninayoijua. Ziwa Tanganyika linapokea Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyohesabika kutoka milimani, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, hapa hapa mjini. Mpelelezi Stanley alipoupita mlango huo mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na matete. Miaka michache baadaye, 1879, mmisionari Edward Hore aliona maji yakitoka kwa nguvu. Kizuizi kilikuwa kimesombwa, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa meta zinazokaribia 10. Mwaka 2024 liliinuka tena, likaingia katika nyumba na barabara za Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma. Mlango wa Lukuga hausafishwi kwa sepetu, na sitamlaumu kantonie yeyote kwa mafuriko ya ziwa. Lakini wanaopanga mji huu wangefanya vyema kufikiri kama yeye: kwanza kuuliza maji yatatokea wapi, kisha kuuliza nyumba ijengwe wapi.

Miundombinu mingine tunayoitegemea hapa imesimama kwa sababu ya watu wa aina hiyo hiyo, ingawa hatuwaoni. Reli ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915, na pale ambapo treni bado inapita ni kwa sababu kuna aliyefukua mtaro kando ya tuta. Umeme wetu unatoka Bendera, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, kwenye mtambo wa maji uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitambo ya umri huo haiendelei kuzunguka kwa nguvu za mto peke yake. Kuna mtu anayeondoa majani na mchanga mlangoni mwa maji, msimu baada ya msimu.

Mafunzo ya kapita mpya hayafanyiki darasani wala siku ya jua. Anapelekwa barabarani mvua ikinyesha. Anatembea kipande chake chote, kichwa kimefunikwa na gunia la plastiki, viatu mkononi, bila kifaa chochote, na kazi yake ni kutazama tu. Siku ya jua barabara haisemi kitu, kila mahali panaonekana sawa. Katika mvua anaona uzi mwembamba wa maji ukivuka mgongo pale ambapo ubao ulikosea kwa unene wa kidole. Anaona povu likizunguka mbele ya kalavati, dalili kwamba ndani kuna kitu. Anaona maji meupe yakitoka mchepuko mmoja na maji mekundu yakitoka mchepuko mwingine, na anajua kwamba yale mekundu yanaiba barabara. Anaweka alama kwa vijiti. Mvua ikikata anarudi na sururu. Wapo mameneja wa miradi mikubwa, wenye kompyuta na magari meupe, ambao hawajawahi kuitembea kazi yao ikinyeshewa, na inajulikana katika kazi yao.

Kinachonisumbua ni kalenda. Mvua zetu zinaanza Oktoba. Oktoba hiyo hiyo ndiyo kila nyumba inapanda mahindi, na kantonie ni mkulima kabla ya kuwa kantonie. Malipo yakichelewa, hana budi aende shambani, na barabara inampoteza katika wiki zile zile ambazo mtaro uliozibika kwa nusu saa unaweza kugeuka korongo la miaka kumi. Kisha fedha inafika Februari, watu wanarudi kwa wingi, wanachimba na kujaza kile ambacho mtu mmoja angekizuia kwa sepetu. Mkataba ukitiwa sahihi Julai, na malipo ya kwanza yakafika Septemba yakiwa kamili, kantonie anaweza kumlipa kijana wa jirani amlimie, naye akabaki kwenye kipande chake mvua zinapoanza. Fedha ni ile ile, kilomita ni zile zile; tarehe tu ndiyo inayosogezwa, na tarehe hiyo inaamuliwa maofisini, Kalemie na Kinshasa, na watu wanaoweza kuisogeza mwaka huu huu.